Kutoka timazi la fundi hadi kimo cha setilaiti: pima g ukiwa Mbeya

Setilaiti za televisheni, zile zisizohama angani, unaweza kupata kimo chake kwa uzi na timazi la fundi mwashi. Dunia inayovuta timazi ndiyo hiyo hiyo inayoishika setilaiti; tofauti ni umbali tu. Mvuto huo tutaupima kama g, yaani kasi ambayo kitu kinachoanguka huongeza kila sekunde.

Andaa uzi wa kushonea viatu wa mita 1.2 (nailoni ya kuvulia inavutika, iache), timazi, futi, vibao viwili vyenye skrubu, na simu yenye saa ya kupimia sekunde. Bana uzi katikati ya vibao, kisha vipigilie kwenye kenchi. Usifunge uzi kwenye msumari: unajiviringisha kila timazi linapobembea, na urefu unabadilika bila wewe kujua.

Timazi si gololi. Uzito wake umeegemea upande mnene. Lilaze juu ya ukingo wa rula, ulisogeze mpaka litulie bila kuelemea upande, halafu piga alama ya kalamu hapo. Urefu L ni kutoka ukingo wa chini wa vibao hadi kwenye alama, timazi likiwa linaning'inia. Rekebisha ufikie mita 1.000. Kosa la sentimita 1 linaharibu g kwa asilimia 1.

Funga madirisha. Vuta timazi pembeni sentimita 10, liachie bila kulisukuma. Washa saa linapopita katikati, si linapogeuka: kwenye kugeuka linasuasua, na jicho halijui limefika lini. Hapo sema "sifuri". Likienda na kurudi, likapita tena katikati kuelekea upande uleule, "moja", mpaka 50. Utapata karibu sekunde 100.5. Gawa kwa 50 upate T, muda wa mbembeo mmoja, kisha:

g = 4π²L ÷ T²

Jibu la Mbeya ni mita 9.78 hivi kwa sekunde mraba. Ukipata 10.18, ulianza kuhesabu kwa "moja", kwa hiyo ulipima mibembeo 49. Ukipata 9.45, ulivuta timazi mno, kama digrii 30. Na usihangaike kushuka Kyela kutafuta tofauti ya mwinuko: katika mibembeo 50 ni kama sekunde 0.02, kidole chako hakiwezi.

Sasa setilaiti. Uvutano hupungua kwa mraba wa umbali kutoka kitovu cha dunia, hivyo:

r³ = g × R² × T² ÷ 4π²

r ni umbali wa setilaiti kutoka kitovu cha dunia. R ni nusu kipenyo cha dunia kwenye ikweta, mita 6,378,000 (si kilomita, hapo ndipo wengi huanguka). T sasa ni muda wa setilaiti kuizunguka dunia; kwa kuwa haihami angani, ni sawa na muda wa dunia kujizungusha mara moja ukilinganisha na nyota, yaani sekunde 86,164. Ukiweka 86,400 za saa ya ukutani, r itazidi kwa km 77. Toa kipeuo cha tatu: km 42,137. Ondoa R, inabaki 35,759.

Kimo halisi ni km 35,786. Hata ukipima bila kosa utapungukiwa, maana mzunguko wa dunia na mwinuko wa Mbeya, karibu m 1,700, vimepunguza g yako kidogo.

Setilaiti hizo zote ziko juu ya ikweta, na Mbeya iko digrii 9 kusini yake, ndiyo maana madishi ya huku hutazama kaskazini. Iliyo kwenye longitudo ya digrii 36 mashariki, kwa mfano, iko digrii 79 juu ya upeo wa macho, kaskazini na mashariki kidogo.