Dawa ya minyoo imekataa? Hesabu mayai kwanza: mwongozo wa hatua kwa hatua kwa mbuzi na kondoo

Mfugaji akiniambia dawa ya minyoo imekataa, huwa namuuliza jambo moja tu: kabla ya kunywesha ulihesabu mayai mangapi, na baada ya kunywesha mangapi? Karibu kila mara hana jibu. Ameona mbuzi wamekonda, manyoya yamesimama, mmoja amevimba chini ya taya, akanywesha, hawakupona, akahamia dawa nyingine. Huenda dawa kweli imekataa. Lakini huenda pia alikisia uzito, bomba lake la kunyweshea linatoa pungufu, au ugonjwa wenyewe si wa minyoo. Kwa macho huwezi kuyatenganisha hayo. Kwa hadubini na chumvi unaweza, na hesabu yake ni ya kutoa na kugawanya tu.

Kipimo chenyewe kinaitwa McMaster. Kilielezwa na Gordon na Whitlock huko Australia mwaka 1939, na hadi leo tafiti nyingi za usugu wa dawa huanzia hapo.

Utakachohitaji

Slaidi ya McMaster yenye vyumba viwili, hadubini yenye lenzi ya mara 10, mizani inayosoma gramu moja moja, silinda ya kupimia mililita, chujio la chai, vikombe viwili, kijiko, pipeti, glavu na chumvi ya kawaida ya jikoni. Kama mizani huna, anza kwa kuitafuta. Gramu za kukisia zinaharibu kila kitu kinachofuata.

Hatua ya 1: Tengeneza maji ya chumvi

Chukua lita moja ya maji ya moto, tia gramu 400 za chumvi, koroga, acha yapoe. Chumvi kidogo ikibaki chini haijayeyuka, ndivyo inavyotakiwa: ina maana maji yameshiba. Maji hayo ni mazito mara 1.2 kuliko maji ya kawaida. Mayai ya minyoo ya tumbo na utumbo ni mepesi kuliko hayo, kwa hiyo yanapanda juu, na uchafu mwingi unabaki chini.

Mayai ya minyoo bapa ya ini hayapandi. Ni mazito, yanazama pamoja na uchafu, na yanahitaji kipimo kingine cha kuyaacha yatuame chini. Nimeona watu wakitangaza kwamba kundi halina minyoo ya ini kwa sababu tu slaidi ya McMaster haikuonyesha kitu. Slaidi hii haiwezi kujibu swali hilo.

Hatua ya 2: Chukua kinyesi kutoka ndani, si kutoka ardhini

Chagua wanyama 10 hadi 15 wa rika linalofanana ambao hawajanyweshwa dawa katika wiki za karibuni. Wachukue bila kubagua. Ukichagua waliokonda peke yao utapata picha ya waliokonda, si ya kundi. Katika kundi lolote wanyama wachache ndio hubeba sehemu kubwa ya minyoo, na hao hawajulikani kwa sura kila mara.

Vaa glavu, ilowanishe kidogo, chukua kinyesi moja kwa moja kwenye njia ya haja kubwa, kisha igeuze glavu ndani nje ili iwe mfuko. Kamua hewa itoke, funga, andika namba ya mnyama na tarehe. Kinyesi cha ardhini huwezi kujua ni cha nani wala cha saa ngapi, na minyoo huru ya udongoni huingia humo ikakuchanganya.

Weka mifuko kwenye ubaridi mara moja, nyuzi 4 hivi za jokofu, lakini isigande, kwa sababu barafu hupasua mayai. Hatua hii hupuuzwa sana. Siku moja niliacha mifuko kwenye gari wakati wa joto, nikaifungua kesho yake. Chini ya hadubini, mahali pa mayai palikuwa na viluwiluwi vyembamba vinavyojinyonganyonga: mayai yalikuwa yameanguliwa ndani ya mfuko. Hesabu ya kundi zima ikapotea, na mfugaji alikuwa ameshanywesha dawa, kwa hiyo hapakuwa na "kabla" ya kurudia. Bado hunikera nikiikumbuka.

Hatua ya 3: Pima, changanya, chuja

Pima gramu 2 za kinyesi, ongeza mililita 28 za maji ya chumvi. Ponda kwa kijiko mpaka punje zote zivunjike. Punje za mbuzi huwa ngumu, kwa hiyo ziloweke dakika chache kwanza. Chuja kwenye kikombe cha pili na ukamue makapi.

Sasa fanya haraka. Koroga taratibu bila kutia mapovu, na mchanganyiko ukiwa bado unazunguka, vuta kwa pipeti kutoka katikati ujaze chumba cha kwanza. Koroga tena, vuta tena, jaza cha pili. Ukiacha kikombe kitulie kabla ya kuvuta, mayai yatakuwa yamepanda juu nawe utavuta maji matupu ya katikati.

Hatua ya 4: Subiri, kisha soma

Iache slaidi dakika 5 ili mayai yapande mpaka chini ya kioo cha juu. Usipitishe saa nzima, kwa sababu chumvi huanza kuganda na mayai hunywea. Anza kwa kulenga mistari iliyochorwa kwenye kioo cha juu. Mistari ikionekana safi, uko kwenye tabaka lenye mayai. Ukiona uchafu wa kahawia bila mistari, umeshuka mno.

Mapovu ya hewa humchanganya kila anayeanza. Povu ni duara kamili lenye ukingo mweusi mnene na ndani peupe kabisa. Yai la minyoo ya kundi la strongili, yaani minyoo ya kawaida ya tumbo na utumbo wa mbuzi na kondoo, lina umbo la yai kweli, ganda jembamba, na ndani yake seli zimesongamana kama kichala. La minyoo mjeledi ni la kahawia, limechongoka kama limau na lina kizibo kila upande. La nematodirasi ni kubwa karibu mara mbili ya strongili, na seli zake ni chache na kubwa. La tegu aina ya monizia lina pembe, kama pembetatu au mraba. Vidoa vidogo sana vya duara au mviringo ni koksidia, vimelea vidogo ambavyo si minyoo: viandike pembeni, usivijumlishe na minyoo.

Hesabu mayai ya strongili yaliyo ndani ya mistari kwenye vyumba vyote viwili. Yanayogusa mstari, hesabu ya upande mmoja na uyaache ya upande wa pili. Kila chumba kina mililita 0.15, kwa hiyo umesoma mililita 0.3 kati ya 30, ambazo zilibeba gramu 2. Zidisha jumla yako mara 50 upate mayai kwa kila gramu ya kinyesi. Mayai 24 ni 1,200 kwa gramu.

Iandike na ile namba uliyoiona kwa macho, yaani 24, pamoja na hiyo 1,200. Usiitupe. Utaihitaji kwenye hatua ya 6.

Kwa strongili, yai peke yake halikwambii ni mnyoo gani. La Haemonchus contortus, mnyonya damu anayeua mbuzi na kondoo kwa upungufu wa damu, linafanana sana na la Trichostrongylus, mnyoo mwingine wa kundi hilo hilo. Zamani njia ya kawaida ilikuwa kuyaotesha mpaka yawe viluwiluwi na kuwatambua mmoja mmoja. Tangu mwaka 2015 watafiti wa Kanada walionyesha kwamba kwa kusoma kipande cha vinasaba vya maelfu ya viluwiluwi kwa pamoja, unaweza kujua kundi lina spishi zipi na kwa uwiano gani. Ukiwa na maabara inayofanya hivyo, ipelekee. Ukiwa huna, fungua kope za chini za wanyama wako. Zikiwa nyeupe kwa wengi, na hesabu iko juu, Haemonchus ndiye wa kushukiwa kwanza. Jike wake mmoja hutaga mayai 5,000 au zaidi kwa siku.

Hatua ya 5: Nywesha kwa uzito, si kwa macho

Pima uzito wa kila mnyama. Usipoweza, pima mkubwa kuliko wote katika rika hilo na uwape wote dozi yake, isipokuwa kwa dawa ambayo kuzidi kwake ni hatari, kama levamisoli. Kabla ya kuanza, kamua bomba mara kumi kwenye silinda ya kupimia uone kama linatoa kile linachosema. Angalia tarehe ya mwisho ya dawa. Weka ncha ya bomba nyuma ya ulimi, ili dawa iingie kwenye tumbo kubwa na kufyonzwa polepole.

Mbuzi si kondoo mdogo. Mwili wake huiondoa dawa haraka zaidi, na dozi iliyoandikwa kwa ajili ya kondoo mara nyingi humpungukia. Muulize daktari wa mifugo dozi ya mbuzi kwa dawa hiyo hiyo uliyoishika. Ninaamini sehemu kubwa ya usugu tulionao leo kwa mbuzi tuliutengeneza wenyewe kwa dozi pungufu, mwaka baada ya mwaka.

Hatua ya 6: Rudi siku ya 14

Wanyama wale wale, namba zile zile, gramu zile zile. Kwa albendazoli, fenbendazoli na ivermektini, siku ya 14 inafaa. Kwa levamisoli pekee, siku ya 7. Ukirudi mapema mno, minyoo iliyonusurika inaweza kuwa imesimamisha kutaga kwa muda tu, ukadhani imekufa. Ukichelewa kupita wiki tatu, mayai utakayoona yanaweza kuwa ya minyoo mipya iliyomezwa malishoni baada ya dawa, ukailaumu dawa bure.

Jumlisha mayai uliyoyaona kwa macho kwa wanyama wote kabla, na wote baada. Tuseme mbuzi 10 walitoa mayai 243 kabla na 61 baada. Toa: 182. Gawanya kwa 243, zidisha kwa 100: dawa imepunguza mayai kwa asilimia 74.9. Mwongozo wa chama cha kimataifa cha wataalamu wa vimelea vya mifugo wa mwaka 1992 uliweka mpaka wa asilimia 95 kwa mbuzi na kondoo. Asilimia 74.9 iko mbali chini yake. Hapo, kama dozi na bomba vilikuwa sawa, unaweza kusema dawa imekataa.

Mwongozo huo ulifanyiwa marekebisho mwaka 2023, na badiliko moja lina uzito kuliko yote: ubora wa kipimo sasa unatazamwa kwa idadi ya mayai uliyoyaona hasa chini ya hadubini kabla ya kuzidisha, na jumla ya kundi zima inatakiwa kufikia kiwango cha chini. Sababu ni rahisi. Mbuzi mwenye mayai 200 kwa gramu, kwenye slaidi yako ameonyesha mayai manne tu. Mara ya pili, kwa bahati tu, angeonyesha mawili au saba. Kuzidisha kwa 50 kunaifanya namba iwe kubwa, hakuifanyi iwe ya uhakika. Kama jumla yako ya kwanza ni 40, soma slaidi ya pili na ya tatu kwa kila mnyama, au ongeza wanyama, kabla hujanywesha.

Hatua ya 7: Ukishajua, fanya nini

Dawa iliyokataa kwenye kundi lako, iache, pamoja na ndugu zake wa kundi moja. Albendazoli ikikataa, usihamie fenbendazoli. Badiliko la herufi moja ya vinasaba kwenye protini iitwayo beta-tubulini, hasa mahali pa 167, 198 au 200, huwakinga minyoo dhidi ya dawa zote za familia hiyo. Kwa ivermektini mambo ni mapana zaidi. Mwaka 2022 watafiti waliopitia jenomu nzima, yaani vinasaba vyote, ya Haemonchus walielekeza kidole kwenye kromosomu ya 5, wakaitaja jeni iitwayo cky-1. Kipimo cha haraka cha usugu huo kwa mfugaji bado hakipo mikononi mwetu, ndiyo maana slaidi ya McMaster bado ina kazi.

Usinyweshe kundi zima kwa mazoea. Nywesha wenye kope nyeupe na wenye mayai mengi, waache wenye afya. Minyoo isiyoguswa na dawa kwa hao wenye afya huendelea kuchanganyika na ile sugu, na kuchelewesha usugu kutawala.

Wanaotibu binadamu wanafanya hesabu hiyo hiyo kwa njia ya Kato-Katz: miligramu 41.7 za kinyesi, kisha unazidisha kwa 24. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulitibu watu wenye minyoo mjeledi kwa ivermektini pamoja na albendazoli. Laos walipona asilimia 66, Pemba 49, na Côte d'Ivoire 14 tu. Dawa zile zile, dozi ile ile. Baadaye watafiti wakaeleza kwamba wengi wa Côte d'Ivoire walibeba spishi nyingine kabisa ya mnyoo mjeledi, waliyoiita Trichuris incognita. Bila mtu kukaa na kuhesabu mayai kabla na baada, mahali hadi mahali, jambo hilo lingepita bila kuonekana.

Ukimaliza, osha slaidi papo hapo kwa maji matupu ya uvuguvugu, usiisugue, iache ikauke imesimama. Chumvi ikikaukia kwenye mistari, wiki ijayo hutaona yai wala mstari.