SOMO: Uhalifu na adhabu kwa marubani wasiokufa wa EVE Online

Wadau, salaam. Wiki hii nimeulizwa swali lilelile na watu watatu, mmoja tukiwa tumebanana kwenye foleni ya mwendokasi pale Kimara: "Si ulisema huko kuna polisi? Mbona nimechomwa meli mbele yao?" Nikaona nishushe somo zima, nisirudie rudie.

Kwa mgeni: EVE ni mchezo wa kompyuta wa CCP, kampuni ya Reykjavik kule Iceland, ulifunguliwa tarehe 6 Mei 2003. Ukiacha China ambao wana seva yao, dunia nzima tunacheza kwenye ulimwengu mmoja. Wewe ni rubani unayekaa ndani ya kapsuli, na kapsuli ndiyo inayoendesha meli. Meli ikilipuka unabaki na kapsuli. Kapsuli nayo ikipasuliwa, unazinduka kwenye mwili mwingine, kloni, stesheni ya nyumbani. Hufi. (Mabaharia wa meli kubwa, kwa mujibu wa hadithi ya mchezo, wanakufa kwelikweli. Sijawahi kuona mtu akiwaulizia.)

Sasa mtu asiyekufa utamwadhibu vipi? Kitanzi hakina maana kwake, jela haipo. Watunzi wakaamua hivi: mnyang'anye meli, mpotezee muda, kisha waachie majirani wamalizie. Ukishika hilo, mengine yote yananyooka. Na shika na hili: CONCORD, polisi wa huko, hawaji kukuokoa. Wanakuja kudai deni baada ya wewe kuchomwa.

HATUA YA 1: Soma namba kabla ya kuruka geti

Geti ni mlango wa kuvukia mfumo mwingine wa nyota. Kila mfumo una namba ya usalama, iko juu kushoto mwa kioo. 1.0 hadi 0.5 ni haiseki, yaani usalama wa juu, CONCORD wanafika. 0.4 hadi 0.1 ni loseki: CONCORD hawaji, ila mizinga ya geti na ya stesheni inampiga mchokozi. 0.0 kushuka chini ni nalseki, kila mtu na lake.

Lakini usiseme "nipo haiseki, niko salama". Haiseki ya 1.0 polisi wanafika kama sekunde 6 baada ya risasi ya kwanza. Ya 0.5 wanachukua kama sekunde 19. Hizo sekunde 13 za tofauti zimefilisi watu wengi kuliko vita vyote ninavyovijua. Hesabu yake iko hatua ya 4.

HATUA YA 2: Weka kitufe cha usalama kijani, kisha kisahau

Kina rangi tatu. Kijani, mchezo unakukatalia kufanya kosa lolote hata ukibonyeza kwa bahati mbaya. Njano, unaruhusiwa kuwa mtuhumiwa. Nyekundu, unaruhusiwa kuwa mhalifu. Vijana wengi wanaweka nyekundu kwa sababu inaonekana ya kibabe, halafu wanagusa kitufe cha kushambulia wakiwa wamelenga mtu asiye na hatia pale Jita, soko kuu la mchezo. Sekunde chache, meli hamna.

HATUA YA 3: Jua tofauti ya mtuhumiwa na mhalifu

Mhalifu (anawaka nyekundu) ni aliyeshambulia meli au kapsuli ya mtu haiseki bila sababu ya kisheria, au aliyepiga kapsuli loseki. Haiseki CONCORD wanamlipua, hakuna kupona. Ukigundua ujanja wa kuwakwepa, hapo umevunja kanuni za CCP wenyewe, na akaunti inafungiwa. Saa yake inahesabu dakika 15. Ndani ya muda huo akipanda meli nyingine haiseki, wanailipua na hiyo.

Mtuhumiwa (anawaka njano) ni kitu kingine. Huyu kaiba. Kachukua mzigo kwenye mabaki ya meli ya mtu. Polisi hawamgusi. Ila kwa dakika 15 mtu yeyote anaruhusiwa kumpiga bila kuulizwa. Ni kama kupigiwa kelele za "mwizi!" katikati ya Kariakoo: askari hayupo, lakini kila mwenye mkono yupo. Mtaani mimi sikubaliani na mambo hayo hata kidogo, nimeshaona kijana akipigwa kwa simu ambayo baadaye ilikutwa kwenye mkoba wa mwenyewe. Kwenye mchezo angalau anayepigwa anazinduka.

Mabaki yana rangi pia. Meupe ni yako. Njano ni ya mwingine, ukichota unakuwa mtuhumiwa. Bluu yametelekezwa, chota ujuavyo.

Hapa kuna mtego, na ndio uliowala wengi wenu. Mtu anaiba kitu cha bei ya pipi kwenye mabaki yako makusudi, anawaka njano, anabaki palepale akikuzungukazunguka na kimeli kinachoonekana kibovu. Wewe hasira zinapanda, unampiga. Ukishampiga, sheria inampa na yeye ruhusa ya kukupiga wewe kwa dakika 5, na kila risasi mpya inaanzisha hizo dakika upya. Kumbe kile kimeli kimefungwa silaha za maana. Unalipuka, polisi wanatazama, na hakuna kosa lililofanyika. Mwizi wa kweli hasubiri umwone.

HATUA YA 4: Piga hesabu ya mvamizi kabla hajakupigia yeye

Hii ndiyo nyama ya somo.

Wavamizi wa haiseki wanajua watakufa. Wameshaweka meli zao kwenye gharama, kama mfanyabiashara anavyoweka nauli. Zamani bima ilikuwa inawalipa hata wakilipuliwa na CONCORD, ikafutwa mwishoni mwa 2011. Kwa hiyo sasa wanatumia meli rahisi, hasa Catalyst, wanakuja kwa kundi kama panya road, wanapiga, wanalipuliwa, na mwenzao aliyejificha pembeni anakuja kuzoa mzigo.

Tuseme meli yako ya mizigo inabeba mapigo 11,000 kabla ya kupasuka. Tuseme Catalyst moja iliyofungwa vizuri inatoa mapigo 600 kwa sekunde. Kwenye 0.5, toa sekunde moja ya kujipanga, zinabaki 18: 600 mara 18 ni 10,800. Catalyst moja haitoshi kwa kidogo sana, mbili zinatosha na kubaki. Kwenye 1.0, sekunde 6, toa ileile moja, zinabaki 5: Catalyst moja inatoa 3,000. Hapo wanahitaji nne. Meli ileile, mzigo uleule, ila bei ya kukuua imepanda mara mbili.

Sasa upande wao. Kila kitu kwenye meli yako kina nafasi nusu kwa nusu ya kupona mlipuko. Mzigo wa ISK (pesa ya mchezo) milioni 100, mtu anategemea kuokota wa milioni 50. Kama Catalyst moja inamgharimu milioni 12, mbili ni 24. Kwa hiyo ukibeba zaidi ya milioni 48 kwenye meli hiyo, kwenye 0.5, wewe ni biashara. Chini ya hapo wewe ni hasara, na wengi watakuacha upite. Badilisha bei kwa za soko la siku hiyo, kanuni ni ileile: mzigo gawa kwa mbili, linganisha na gharama ya kukuua. Au gawa safari, au funga vifaa vya kuongeza ukuta wa meli badala ya vya kuongeza nafasi.

Na usiwashe urubani wa kujiendesha. Mimi nilijifunza hili Uedama, mfumo wa 0.5 kwenye njia ya Jita kwenda Dodixie, wengine wanauita machinjio. Nilikuwa naishi Mabibo, nikaweka meli ijiendeshe, nikatoka kununua chipsi mayai pale kona. Meli ikijiendesha haifikii mlangoni, inatua mbali kidogo na geti kisha inatambaa. Foleni ya chipsi ilikuwa ndefu, muuzaji akawa anamalizana na mteja aliyetaka mayai yasiive sana. Narudi, kioo kinaonyesha ukuta wa stesheni. Nikadhani nimefika. Nikafungua ghala, tupu. Nikafungua risiti ya kifo, maana huko kila kifo kinatolewa risiti: majina mawili, Catalyst mbili, na orodha ya mzigo wangu, kipi kimeungua na kipi kimepona. Kilichopona kilikuwa kizuri kuliko kilichoungua. Chipsi nilikula baridi.

HATUA YA 5: Ukishachomwa

Usipige kelele kwenye chati, wanazipiga picha. Ondosha kapsuli haraka. Ukiwahi kuwa na rafiki karibu, kumbuka mabaki ni yako: anayekuja kuzoa anawaka njano, mpigeni huyo, ndiye mwenye faida yote tumboni.

Kisha una haki ya kisasi. Inadumu siku 30. Unaweza kuitumia mwenyewe, kumpa mtu au shirika fulani (kikundi cha wachezaji), au kuiweka wazi kwa bei. Mtu akiilipia, mlengwa anawaka njano kama mwizi, na akilipuliwa haki inaisha. Kwa uzoefu wangu inafanya kazi kwa wahuni wa msimu. Mvamizi mzoefu ameshashuka mpaka -10 kwenye alama za tabia, na kuanzia -5 kushuka kila mtu anaruhusiwa kumpiga wakati wowote. Kumwekea huyu haki ya kisasi ni kumshtaki mtu aliyekwisha kufungwa.

Hayo ndiyo yangu. Maswali karibuni.

MASWALI YA WADAU

Mzee wa Mbagala: Mkuu, kama sifi, naogopa nini sasa?

Jibu: Mzee wangu, unaogopa hasara. Vipandikizi ulivyoweka kichwani vinaungua na mwili wa zamani, na vingine ni ghali kuliko meli. Ujuzi haupotei siku hizi. Mpaka mwishoni mwa 2014 ulikuwa unatakiwa kununua kloni ya daraja linalolingana na ujuzi wako, ukisahau unazinduka umepungua akili. Shukuru umechelewa kujiunga.

Dada wa Tabata: Kaka, mimi sikuchomwa. Tulikuwa na shirika letu la watu tisa, mweka hazina kabeba kila kitu ghalani usiku. Nimripoti wapi?

Jibu: Pole sana dada. Hakuna pa kumripoti. Ulimpa funguo, kwa sheria za huko alichukua alichoruhusiwa kuchukua. Mwaka 2005 kundi la Guiding Hand Social Club lilijipenyeza ndani ya shirika la Ubiqua Seraph kwa karibu mwaka mzima, wakapandishwa vyeo, halafu siku moja wakasafisha maghala na kumuua kiongozi. CCP hawakumrudishia mtu hata msumari. Safari ijayo gawa ghala kwa vyeo, na funguo kuu zisizidi mtu mmoja.

Kijana wa Temeke: Bro, mimi ISK ninazo, kuna jamaa anataka nimuuzie, ananitumia hela kwa simu. Ni kosa?

Jibu: Hilo ndilo kosa lenyewe, mdogo wangu. Mwaka 2009 msimamizi wa benki ya wachezaji iliyoitwa EBank, jamaa wa Australia, alichota ISK bilioni 200 za wateja. Kuiba huko hakukumfungia. Alifungiwa kwa sababu aliziuza kwa pesa halisi. Usiuze.

Bando Limekata: Je, mtandao ukikatika katikati ya safari, wananihurumia?

Jibu: Kama hujapigana na mchezaji, meli inajirusha pembeni na baada ya muda mfupi inapotea angani. Kama umo vitani na wachezaji, inabaki dakika 15, na watakutafuta. CCP hawarudishi meli kwa ajili ya bando lako. Na kumbuka kila siku seva inafungwa saa tano asubuhi kwa saa za Uingereza za majira ya baridi, yaani saa nane mchana hapa kwetu. Usianze safari saa nane kasorobo.

Mstaafu wa Uharamia: Nimechoka kufukuzwa. Nipo -6. Narudije kwa watu?

Jibu: Njia mbili. Moja, ua maharamia wanaoendeshwa na kompyuta, hasa nalseki, alama zinapanda polepole. Mbili, lipa: kuna beji zinazopatikana kwa kuua askari kloni kwenye mikanda ya miamba ya loseki, za madaraja manne, kila beji inakupandisha 0.5 ukiongeza na ada ya ISK. Zinauzwa pia sokoni. Ndiyo, dhambi zinafutwa kwa fedha. Wa kwanza kulalamika awe ambaye hajawahi kumaliza jambo barabarani kwa "tuelewane".

Mtu Mzima: Haya mambo ya watoto, nendeni mkalime.

Jibu: Shikamoo mzee. Nimelima, mihogo imeshapandwa.

Dada wa Tabata: Kaka nimeweka kijani, nimetoka Jita sasa hivi. Kuna mtu anawaka njano nje ya stesheni, meli yake ndogo, kaniandikia "karibu mgeni". Nimjibu?

Jibu: Mjibu "asante". Kisha rudi ndani.