Jinsi ya kuangalia video za zamani za dragi za Marekani ukaelewa kinachoendelea

Dragi ni mbio za gari mbili kwenye njia iliyonyooka, mita 402 tu. Ukiangalia video ya dragi ya miaka ya 60 bila kujua utafute nini unaona gari mbili zinaunguruma, moshi, sekunde kama 12 hivi, kwisha. Wengi wanaishia hapo na inaniuma kweli, maana hizo sekunde chache zimebeba vita nzima ya viwanda vya magari vya Detroit. Sasa ngoja niwape njia ninayotumia mimi.

Kwanza achana na gari, angalia mstari wa kuanzia. Ukiona jamaa kasimama katikati na bendera, anaruka juu ndo wanachomoka, hiyo mara nyingi ni kabla ya 1963, ingawa viwanja vidogo viliendelea na bendera kwa muda kwa hiyo usiape. NHRA, chama cha mbio za dragi alichoanzisha Wally Parks mwaka 1951, ndo walileta nguzo ya taa kwenye mashindano yao ya Indianapolis 1963, na vile taa za rangi zimepangwa kutoka juu kwenda chini watu wakaiita mti wa Krismasi, jina liko mpaka leo.

Halafu soma vioo. Pembeni kuna herufi, wengi waliandika kwa rangi nyeupe ya viatu. SS ni Super Stock, S peke yake ni Stock, na FX ni zile gari za majaribio za kiwanda. Kwenye video za mwisho wa miaka ya 60 herufi baada ya SS inakuambia uzito wa gari kwa kila nguvu ya farasi, A ndo balaa zaidi halafu B, C, kushuka. Ikiongezwa A nyingine mwishoni hiyo ni gari la oto, yaani gia zinajibadilisha zenyewe. Kwa hiyo ukiona gari linafanana na la kumpeleka bibi kanisani alafu dirishani pameandikwa SS/A, usilidharau kabisa.

Sasa ndo njoo kwenye gari, na hapa usiwe na haraka. Tafuta Ford Fairlane Thunderbolt ya 1964 uangalie taa za mbele, zile mbili za ndani hazipo, pamewekwa wavu na mipira mikubwa inayopeleka hewa baridi kwenye kabureta, injini lita 7. Zilitengenezwa 100 tu. Mwaka huohuo Chrysler, wenye Dodge na Plymouth, nao wakaleta injini ya Hemi 426, lita 7 pia, yaani hapo kila mtu kakasirika. Mwaka 1968 wakashirikiana na Hurst, kampuni ya vipuri vya mbio, kutoa Dodge Dart na Plymouth Barracuda za Hemi, boneti na mafenda ya mbele ya faiba, vioo vyembamba, na dirisha halina hata mkono wa kuzungusha, unalivuta na mkanda! Kila kilo ilihesabiwa. Chevrolet wakajibu 1969 na Camaro ZL1, injini ya aluminiamu, gari 69 basi. Mimi naziheshimu zote ila Thunderbolt kwangu ndo mwalimu mzuri, maana ujanja wake unauona kwa macho.

Wakizungusha tairi kipara zitoe moshi kabla ya mbio hawafanyi mbwembwe. Walimwaga jiki hii hii ya kufulia chini, tairi inazungushwa juu yake ipate moto inate. Baadaye wakahamia maji.

Kwenye matokeo kuna namba mbili, muda na spidi ya mwisho wa mita 402. Spidi inakuambia nguvu ya injini, muda unakuambia alivyochomoka. Ila saa inaanza kuhesabu gari likiondoka, sio taa ikiwaka, kwa hiyo mwenye muda mbaya anaweza kufika wa kwanza kama mwenzake alisinzia kwenye taa. Usikimbilie kusema wameibiana.

Namba za farasi za kwenye vipeperushi nazo uwe makini. Kuanzia 1972 Wamarekani walibadilisha namna ya kupima, wakapima injini ikiwa na vifaa vyake vyote, ndo maana farasi zinaonekana zimeporomoka ghafla kuliko hali halisi.

Pa kuanzia? Tafuta Shirley Shahan, 1966 pale Pomona, California, na Plymouth yake ya Hemi, mwanamke wa kwanza kushinda mashindano ya kitaifa ya NHRA. Halafu Pomona hiyohiyo 1970, fainali ya kwanza kabisa ya daraja la Pro Stock, Bill Jenkins na Camaro akimpiga Ronnie Sox, na Sox ndo alikuwa fundi wa gia za mkono hakuna mfano.

Vaa hedifoni. Filamu za nyumbani za milimita 8 za miaka hiyo zilikuwa bubu kwa hiyo mngurumo mara nyingi umewekwa baadaye, ila ukipata yenye sauti yake kweli hesabu mlio wa injini unashuka mara ngapi: mara tatu mara nyingi ni gia nne za mkono, mara mbili mara nyingi ni oto ya gia tatu, kama TorqueFlite ya Chrysler.