Somo: Ukae dirisha la upande gani ili uuone Kilimanjaro ukiwa angani

Wadau, swali la "nikae kushoto au kulia niuone mlima?" haliishi, na majibu hupingana kwa sababu kila mtu anajibu kwa safari yake. Natumia safari ya Dar kwenda KIA (Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro) kama mfano.

Hatua ya 1: Upande. Fungua ramani ya simu, unganisha viwanja viwili kwa mstari, kisha jifanye umesimama Dar unatazama KIA. Ndege inaelekea kaskazini-magharibi, na KIA iko kusini-magharibi mwa mlima, kwa hiyo Kilimanjaro unakuwa kulia. Milima ya Usambara na Pare pia iko kulia, halafu bwawa la Nyumba ya Mungu. Kurudi Dar ni kushoto. Wengi hukosea hapo: wanachagua kiti kilekile kwenda na kurudi.

Hatua ya 2: Herufi. Kwenye ndege nyingi za njia hizi, A ni dirisha la kushoto na F la kulia. Airbus A220 ina viti viwili kushoto na vitatu kulia, lakini dirisha la kulia bado ni F.

Hatua ya 3: Safu. Hili watu hulidharau, kumbe ndilo linaloharibu safari. Kwenye jeti, bawa liko chini ya madirisha ya katikati. Ukikaa hapo utatazama bati jeupe saa nzima. Kaa mbele ya bawa. Nyuma kabisa si mbaya, ila hewa ya moto ya injini hufanya picha zitetemeke. Ndege za pangaboi kama Q400 na ATR zina bawa juu, hivyo chini kuko wazi, isipokuwa safu zinazokabiliana na injini na matairi. Angalia pia usiangukie kiti cha ukutani: kwenye Boeing 737 kuna safu karibu na ya 10 ambayo haina dirisha, kwani bomba la kiyoyozi limepita hapo. Tovuti ya aeroLOPA inachora viti pamoja na madirisha yake.

Hatua ya 4: Saa. Ndege ya asubuhi. Mchana mawingu huwa yameshaukumbatia mlima. Januari, Februari, na Juni hadi Oktoba ni miezi mizuri. Masika ni bahati nasibu. Jua la asubuhi litakupiga usoni upande huo wa kulia. Vumilia, usishushe kifuniko.

Ukifika karibu utaona vilele viwili. Wa kulia, mweusi wenye meno, ni Mawenzi (mita 5,149). Wa kushoto, mpana na wenye barafu, ni Kibo (mita 5,895). Ndege ikiwa bado juu, kodoa macho juu ya Kibo: kuna kreta, na ndani yake duara jingine lenye shimo la majivu katikati. Aliyepanda kwa miguu akaishia Uhuru hajaliona hivyo.

MASWALI YA WANACHAMA

Natoka Nairobi, bado ni kulia?
Inategemea unakwenda wapi. Kwenda Dar, Zanzibar au Mombasa, kulia, ingawa kwa Mombasa mlima uko mbali kidogo. Kwenda KIA, kushoto. Wa kulia wanapata Mlima Meru, nao si haba.

Dar–Mwanza je, kuna cha kuona?
Kipo. Kaa kulia upate Ziwa Eyasi. Karibu na kutua, upande wowote unaweza kukupa Ziwa Victoria na mawe yake.

Mkuu, nilikaa kulia kama unavyosema, nikaona mawingu tu. Pesa yangu ya kiti?
Pole, hiyo mdai Mungu. Tena rubani anaweza kuelekezwa njia nyingine au kuzunguka kabla ya kutua, mlima ukahamia upande wa pili. Unachonunua ni uwezekano.

Sina hela ya kulipia kiti.
Kampuni nyingi hufungua uchaguzi wa viti mtandaoni takriban saa 24 kabla ya safari. Ingia mapema. Ukichelewa, muombe wa kaunta kwa adabu, mtajie upande na "mbele ya bawa". Vile videge vya Zanzibar vya Cessna Caravan mara nyingi havina namba za viti, na wakati mwingine abiria hukaa pembeni ya rubani. Omba, hawakupigi.

Picha zangu zinatoka na rangi za upinde wa mvua kwenye kioo. Simu mbovu?
Simu nzima. Hiyo ni filta ya polaraizi (kile kioo cha kupunguza mng'ao kinachovikwa kwenye kamera) ikikutana na plastiki ya dirisha, ivue. Miwani ya jua ya aina hiyo hufanya hivyohivyo.