Ukisikia "moto" Goma, usikimbilie kutafsiri

Ujumbe wa sauti umetoka Goma, mji wa mashariki mwa Kongo (DRC): "Moto imezimika apa karibu na soko." Anayeandika manukuu Dar es Salaam ataandika kwamba moto umezimwa. Kumbe ni pikipiki iliyogoma, na abiria bado yuko barabarani.

Anza na lugha ya sentensi kabla ya kugusa neno. Mjini Goma, Kiswahili, Kifaransa na Kilingala huchanganyika ndani ya pumzi moja, na kila lugha ina moto wake. Wa Kiswahili ndio wa kwenye mbabula, jiko la makaa. Washona wa Zimbabwe nao wanauita hivyohivyo, maana shina ni la Kibantu. Wa Kifaransa ni kifupi cha motocyclette, na mzizi wake ni Kilatini movere, kusogeza. Ndiyo maana moto ya Kiitaliano ni mwendo. (Ile ya Kijapani, "asili" au "chanzo", kama katika Yamamoto, haihusiani na yoyote kati ya hizi.)

Kazi iko kwenye Kilingala, chenye maneno matatu yanayotofautiana kwa toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti. Moto, silabi zote mbili chini, ni mtu, wingi bato. Motó, ya pili ikipanda, ni kichwa. Mɔ́tɔ, ya kwanza juu na o ikitamkwa kwa kinywa wazi, ni ule unaowaka. Kwenye simu wengi huandika yote "moto" tu. Omba sauti, au tafuta wingi: ukikuta bato, umekwisha kujua.

Kisha upatanisho wa kisarufi. Kwa Kiswahili sanifu, "moto unawaka" ni wa kuni na "moto inawaka" ni chombo. Kipimo hiki kinafaa kwa taarifa iliyoandikwa. Kwa maneno ya mtaani kinadanganya, kwa sababu wasemaji wengi wa Goma huweka i- kote kote. Hapo tazama majirani wa neno. Kupanda, motari (dereva wa pikipiki), esansi (petroli), abiria: ni chombo. Makala (yaani makaa), moshi, kuungua: ni moto wenyewe. Kuwasha na kuzimika huenda na vyote viwili, kwa hiyo usiamue kwa hivyo peke yake.

Na mji huu uko chini ya mlima wa volkano wa Nyiragongo, uliolipuka Januari 2002 na tena Mei 2021. "Moto inakuya" (inakuja) si sentensi ya kubahatisha. Muulize aliyetuma, kwa maneno yake: "Moto ya kupanda ao (au) ya kuunguza?" Sekunde tano zinatosha.

Ukishajua, andika kwa kumtazama msomaji. Wa Tanzania au Kenya mpe "pikipiki". Wa Goma mwachie "moto", lakini kwa upatanisho wa chombo: "moto mbili zimegongana". Ukiandika "mioto miwili imegongana", atadhani umeona volkano mbili.