Somo: Kupanda na kutunza mshubiri wa milia

Ni ule mshubiri mfupi wa majani mazito yenye milia myeupe, yaliyojipanga safu tatu. Kitaalamu ni Gonialoe variegata. Vitabu vya zamani huuita Aloe variegata. Kwao ni sehemu kame za Afrika Kusini na Namibia, ndiyo maana mingi inayofia majumbani imeuawa na maji.

Hatua ya 1: Chungu. Kiwe na tundu chini, la sivyo usianze. Cha udongo wa kufinyanga hukauka upesi kuliko cha plastiki. Usichukue kikubwa.

Hatua ya 2: Udongo. Nusu mboji, nusu mchanga wa chenga na kokoto ndogo. Mchanga laini haufai, unashikamana.

Hatua ya 3: Kupanda. Tenga chipukizi lenye mizizi yake, liache kivulini siku mbili tatu kidonda kikauke, ndipo upande. Maji yasubiri wiki.

Hatua ya 4: Kumwagilia. Hapa ndipo penye kazi. Chomeka kijiti hadi chini ya chungu. Kikitoka na udongo ulioshika, ahirisha. Kikitoka kikavu, mwagilia pembeni mpaka maji yatokee tunduni, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Usimwagie juu: kila jani limekunjika mithili ya mfereji, maji yanateremka hadi kwenye moyo wa mmea na kutuama. Kuoza huanzia hapo. Majira ya baridi punguza sana.

Mwanga uwe mwingi, ila jua la mchana liukwepe. Porini huota chini ya vichaka. Mbolea si lazima.

MASWALI

– Mkuu, wangu umegeuka rangi ya kahawia. Nikate majani?
Usikate. Bonyeza ya chini kwanza. Yakiwa magumu, jua limezidi, usogeze. Yakiwa teketeke, ung'oe uangalie mizizi. Myeusi inayoteleza ikate yote, uache ukauke siku kadhaa, panda kwenye udongo mpya.

– Kuna vitu vyeupe kama pamba katikati ya majani.
Hivyo ni vidung'ata, wadudu wadogo wanaofyonza mmea. Lowesha pamba kwa spiriti, ipitishe kila kona, rudia baada ya wiki. Utenge na mimea mingine kwanza.

– Utomvu wake naweza kupaka usoni?
Huu ni wa kutazama, mkuu. Wa kupaka tafuta alovera.