Kiatu cha Baiskeli Kikikuunguza Unyayo

Mara ya kwanza miguu yangu kuwaka moto ilikuwa kwenye mwinuko wa kutoka Himo kwenda Marangu, mkoani Kilimanjaro. Sikuumaliza. Niliiegemeza baiskeli kwenye mgomba, nikavua viatu na soksi, nikatumbukiza nyayo kwenye mfongo, mfereji wa kumwagilia mashamba, uliokuwa ukipita kando ya barabara. Kina mama wawili waliokuwa wanateremka na mikungu ya ndizi kichwani wakasimama kunitazama. "Pole mama, umeungua?" Nikaitikia ndiyo, maana sikuwa na neno jingine. Vidole viwili vya mguu wa kulia vilikuwa vimekufa ganzi, na chini yake, pale unyayo unaponenepa kabla ya vidole, palikuwa kama pamebandikwa kaa la moto.

Kilichonikera ni kwamba nimeendesha baiskeli ya Phoenix miaka 15 nikiwa na ndala, majora ya vitambaa kwenye keria, na sikuwahi kuumwa hata ukucha. Viatu vya baiskeli, vile vya soli ngumu vinavyonasa kwenye pedali, nilikuwa navyo wiki tatu tu. Nilivipata mitumba pale Memorial, Moshi, kwa shilingi 35,000. Vyekundu, vimetoka Italia, havina hata mkwaruzo. Nikavipenda kabla sijavivaa. Na mimi ni fundi cherehani! Mteja akiniletea kitambaa simshonei bila kumpima, lakini mguu wangu mwenyewe niliununulia kwa macho.

Ilinichukua miezi minne kuutibu ule moto. Niliyojifunza nayaeleza hapa kwa mpangilio ambao ningependa mtu anipe siku ile, kuanzia yasiyogharimu kitu.

Kwanza ujue kwa nini ndala haikuumi. Ukiwa na ndala mguu unahama kila dakika. Unasukuma kwa vidole, kisha kwa katikati, kisha kwa kisigino, wala hujui kama umehama. Kiatu cha baiskeli kinaufunga mguu mahali pamoja kwa kile kipande kinachokazwa chini ya soli, ambacho nitakiita kliti. Nguvu yako yote inapita kwenye eneo dogo hilo hilo, maelfu ya mara kwa saa. Kosa la milimita chache ambalo usingelihisi kwenye kiatu cha kutembelea, hapa linageuka kidonda. Pedali hizi zilienezwa na Look, kampuni ya Ufaransa iliyokuwa ikitengeneza vifungio vya viatu vya kuteleza kwenye theluji. Ilizitoa mwaka 1984, na mwaka uliofuata Bernard Hinault akashinda nazo Tour de France. Kwa hiyo kiatu hiki kina undugu na baridi, nasi tunakivaa Himo saa saba mchana, miguu imevimba kwa joto.

Tafuta panapouma hasa

Usiseme "miguu inauma". Mteja akiniambia gauni linabana, namuuliza wapi: kwapani, kiunoni, au kifuani? Jibu ndilo linaloniambia nikate wapi. Tembea na kipande cha chaki ya ushonaji mfukoni. Moto ukianza, simama, vua kiatu hapo hapo, bonyeza kwa kidole mpaka upate mahali penyewe, kisha upachore alama juu ya soksi. Ukingoja ufike nyumbani, mguu wote utakuwa unauma na hutapata jibu.

Alama ikiwa chini, nyuma ya vidole, na moto au ganzi inapanda kwenye vidole, mishipa ya fahamu inayopita katikati ya mifupa ya mguu inaminywa. Hii ndiyo inayowapata wengi, na ndiyo iliyonipata mimi. Ikiwa pembeni, kwenye kidole kidogo au kwenye nundu ya kidole gumba, kiatu ni chembamba. Ikiwa juu ya mguu, mkanda au kifungo kinakandamiza. Kisigino kikiwa na lengelenge, kiatu kinacheza. Ikiwa ni ile kano ya nyuma ya kisigino, mara nyingi kliti imewekwa mbele mno au kiti kiko juu mno.

Legeza kabla hujanunua chochote

Nilikuwa nakaza mikanda kama nafunga mzigo kwenye keria, nikidhani ndiyo uendeshaji wa kitaalamu. Sivyo. Gonga kisigino chini ili mguu ukae nyuma ya kiatu, kaza mkanda wa juu ulio karibu na kifundo, kisha ule wa mbele karibu na vidole uufunge kwa kuugusisha tu. Mkanda wa juu ndio unaozuia mguu usiteleze. Wa mbele hauna kazi kubwa, na ndio unaominya mishipa. Vidole lazima viweze kucheza ngoma humo ndani. Kama kiatu chako ni cha kamba, ruka matundu mawili yaliyo mbele kabisa.

Baada ya saa moja barabarani mguu unakuwa umenenepa, kwa hiyo mkanda uliokuwa sawa Moshi mjini unakuwa kitanzi ukifika Himo. Legeza tena. Soksi nazo ziwe nyepesi. Mimi niliongeza soksi nene nikitafuta ulaini, kumbe nilikuwa naujaza mto kwenye foronya isiyoutosha.

Haya peke yake yalinipunguzia maumivu kama theluthi hivi, na sikutoa hata senti.

Kliti

Hapa ndipo nilipopata nafuu kubwa, na hapa ndipo watu wanapoogopa kugusa. Usiogope. Unahitaji ufunguo wa L wa milimita 4, chaki na subira.

Vaa kiatu, upapase ubavu wa ndani mpaka upate lile fundo la mfupa nyuma ya kidole gumba. Weka alama kwenye kiatu. Fanya hivyo ubavu wa nje, nyuma ya kidole kidogo. Utaona alama ya nje iko nyuma kuliko ya ndani. Ekseli ya pedali ianzie katikati ya alama hizo mbili. Kliti yangu aliyenitangulia aliifunga mbele ya zote mbili, karibu na vidole. Nilikuwa nasukuma baiskeli kwa ncha ya mguu kama anayechungulia dirishani.

Kabla ya kulegeza skrubu, chora mzunguko wa kliti kwenye soli kwa chaki, ili ukiharibu ujue pa kurudi. Kisha isogeze nyuma kuelekea kisigino, milimita 2 au 3 tu. Kaza vizuri, endesha angalau kilomita 20, andika ulivyohisi. Ndipo usogeze tena. Mimi nilifika milimita 8 nyuma mguu wa kulia, na 6 kushoto. Miguu ya mtu si mapacha, kama mabega yasivyolingana. Ukisogeza sana nyuma, shusha kiti kidogo, milimita mbili tatu, kwa sababu sasa pedali iko mbali zaidi na wewe.

Angalia pia kliti inaelekea wapi. Kaa juu ya meza, miguu ining'inie bila kugusa chini, utazame vidole vinaelekea wapi vyenyewe. Vyangu vinatazama nje. Kliti iliyonyooka ilikuwa inaninyonga mguu ndani ya kiatu, na alama ya chaki kila mara ilitokea ubavu wa nje. Nilipoipindisha kufuata mguu, alama ile ikapotea.

Na kuna mtego wa rangi. Rangi ya kliti za plastiki inaonyesha kisigino kinaruhusiwa kucheza kiasi gani. Kwa zile za kampuni ya Shimano zinazofungwa kwa skrubu tatu, nyekundu haichezi kabisa, buluu inacheza digrii 2, njano digrii 6. Kwa kliti za Keo za ile kampuni ya Look mambo yamegeuka: nyeusi ndiyo isiyocheza, kijivu ni digrii 4.5, na nyekundu ndiyo inayocheza kuliko zote, digrii 9. Ukisikia mtu anasema "nunua nyekundu", muulize za nani. Kama unaanza na miguu inauma, chukua inayocheza. Ukinunua mitumba, tupa kliti ulizozikuta. Zilizolika zinafanya mguu uyumbe upande upande, nawe unakaza misuli ya unyayo kuuzuia bila kujua.

Pedi ya bega chini ya unyayo

Moto ulipobaki kidogo, nikakumbuka kopo langu la pedi za mabega nilizofumua kwenye makoti ya zamani. Nilikata kipande cha felti chenye umbo la tone la maji, urefu kama kidole gumba cha mkono, unene milimita 5, nikakibandika chini ya soli ya ndani. Jaribio la kwanza nilikiweka pale pale panapouma. Kosa kubwa. Nilifika kwa taabu, nikarudi na gari la Noah, baiskeli juu ya paa.

Pedi haikai chini ya panapouma, inakaa nyuma yake, upande wa kisigino, ikiishia pale maumivu yanapoanzia. Kazi yake ni kuinua ile mifupa na kuiachanisha kidogo ili mshipa upumue. Ukiivaa kwa usahihi utahisi kokoto kwa dakika kumi, kisha utaisahau. Ukiendelea kuihisi, ivute nyuma zaidi au ipunguze unene. Kama uvungu wa unyayo wako ni mkubwa, tafuta pia soli ya ndani yenye mwinuko wa kuujaza. Zile zinazokuja na viatu nyingi ni bapa kama karatasi ya patani.

Kiatu chenyewe

Ukishayafanya yote hayo na pembeni bado panabana, kiatu si chako. Hiki si kiatu cha ngozi cha shule ambacho kitazoea mguu baada ya Pasaka. Soli yake ya karboni au nailoni ngumu haitanuki. Nilivipeleka vile vyekundu kwa fundi viatu, akavilaza na kalibu la mbao siku mbili. Juu vililegea kidogo, chini havikutikisika, na upana unaotakiwa uko chini.

Pima jioni, mguu ukiwa umechoka. Simama juu ya karatasi ukiwa umevaa soksi utakazoendeshea, mtu mwingine achore akiwa ameshika penseli wima, maana ukiinama mwenyewe mguu unabadilika. Pima miguu yote miwili, urefu na upana, ufuate ulio mkubwa. Kisha nenda sokoni na ile karatasi. Chomoa soli ya ndani ya kiatu, iweke juu ya mchoro: mguu ukimwagika pembeni, rudisha, hata kama rangi imekuroga.

Muuzaji atakuambia uchukue namba kubwa zaidi. Namba moja ya Ulaya inaongeza karibu milimita 7 za urefu, lakini upana kidogo sana. Utapata kiatu kirefu, kisigino kinacheza, na kliti inakuwa mbele tena. Afadhali kutafuta kiatu kilichotengenezwa kipana: Shimano wana matoleo mapana ya baadhi ya viatu vyao, na kampuni iitwayo Lake inajulikana kwa hilo. Angalia pia matundu ya chini, mawili au matatu, yalingane na pedali zako, na ukunje kidogo ukingo wa soli kuona kama gundi imekufa. Viatu vilivyokaa stoo miaka mingi huachana soli njiani, na vikilowa usivianike juani wala karibu na jiko. Jaza magazeti.

Gia

Dada yangu, siku nyingine hakuna tatizo la kiatu. Ni ubishi. Nilikuwa napanda Marangu na gia nzito, pedali inazunguka taratibu kama jiwe la kusagia, kila mzunguko nimeukanyaga kwa uzito wote. Teremsha gia, zungusha haraka zaidi, kila mkanyago uwe mwepesi. Kwenye mteremko chomoa mguu mmoja, uutikise, kisha mwingine.

Lakini kama ganzi haiondoki saa kadhaa baada ya kuvua viatu, au maumivu yanakuamsha usiku, acha chaki na felti uende hospitali. Mwenye kisukari asijaribu lolote kati ya haya kabla ya kumwona daktari, kwa sababu mguu wake unaweza kuchubuka bila yeye kuhisi.

Sasa navaa namba ile ile, toleo pana, vyeusi, vibaya kuliko vyote nilivyowahi kumiliki. Napanda mpaka Marangu Mtoni nikisimama mara moja tu, Himo, kulegeza mkanda na kunywa maji. Vile vyekundu nilimpa binti wa dada yangu mwenye mguu mwembamba kama wa swala. Amekwenda navyo hadi Arusha na kurudi. Nilimuuliza kama vinauma, akaniuliza viume kwa nini.